Mawe ya Nyuma ya Nyumba, Mtaa wa Vesper

Mtaa wa Vesper, kaskazini mashariki mwa Washington, unapinda katikati bila sababu inayoonekana. Sababu ni ukuta wa bustani. Hadi mwaka 1961 eneo lote lilikuwa la watawa wa kiume. Walipoliuza, waliochora barabara waliufuata ukuta badala ya kuubomoa. Baadaye ukabomolewa hata hivyo. Kona ikabaki.

Kwenye kona hiyo anaishi Leokadia, mhudumu wa wazee, mzaliwa wa Muleba, pamoja na mumewe Respicius na binti yao Anitha. Nyuma ya nyumba kuna mistari ya mawe yaliyozama kwenye nyasi. Leokadia alipoambiwa kwamba ardhi ilikuwa ya watawa, hakuuliza zaidi: makaburi. Kwao Uhaya wafu huzikwa kibanjani, karibu na nyumba, na anayeishi hapo huwatunza. Basi akafagia. Kila Novemba akawasha mishumaa.

Mwaka huu mama yake Respicius, ambaye magoti yake hayawezi tena ngazi, alipata viza. Vyumba vyote vya kulala viko ghorofani, na pa kuongeza chumba cha chini ni pale penye mawe tu.

"Kwa hiyo, mama Anitha, mama yangu alale jikoni?" Respicius aliuliza.

"Alale popote, si juu ya marehemu wa watu."

"Una hakika ni marehemu?"

"Wewe umezaliwa wapi, baba Anitha? Mawe nyuma ya nyumba huwa ni nini?"

Fundi alitaka jibu kabla ya Ijumaa. Leokadia anafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Hyattsville, na mmoja wa anaowahudumia ni Bruda Ferdinand, aliyeingia utawani kwenye ardhi ileile ya Mtaa wa Vesper akiwa kijana. Asubuhi, akimfunga vifungo vya shati, alimsimulia kuhusu mawe na mishumaa yake, akamuuliza waliozikwa pale ni akina nani.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wafu wetu tulihama nao wote, binti yangu. Hapo palikuwa banda la kuku. Mawe niliyapanga mimi."

"Kuku, Bruda?"

"Tena wakorofi. Sala walizihitaji."

Leokadia alimpigia mumewe akiwa koridoni.

"Wajenge," alisema. "Na ukicheka nakata."

Alicheka. Leokadia akakata, kisha akampigia fundi mwenyewe.