Ziwa lilipofika kwenye kaburi la shemeji yangu kisiwani Muleba

Wakuu, shalom. Sifa ni kwa Mungu aliyetenganisha maji na nchi kavu, akanipa uzee wenye macho bado mazima. Ninayosimulia nimeyaona mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mstaafu, naishi Bakoba, Bukoba mjini. Mdogo wangu, Ma Koku, ni mjane, anaishi kisiwani upande wa Muleba.

Kwetu Wahaya marehemu huzikwa kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba yake. Shemeji alizikwa chini kabisa, mwisho wa kibanja. Aliomba mwenyewe, awe analitazama ziwa.

Ziwa likaja kumtazama yeye.

Nyie wa mjini mlisikia habari za ziwa kujaa, kisha mkasahau. Kule kisiwani halikurudi lote. Mchanga tulipokuwa tunaanika dagaa sasa ni maji mwaka mzima. Kijito tulichokuwa tunakiruka kimekuwa mkono wa ziwa, mtumbwi unapita. Migomba ya chini iligeuka njano, ikaanguka.

Watoto wake walioko Bilele, huku huku Bukoba mjini, walimsihi ahamie kwao. Kila mara alikataa. Wakanituma mimi, mzee wa kanisa, nikamshawishi.

Nilikuta maji yamefika kwenye msalaba wa kaburi.

"Kaka, najua umetumwa kunihamisha," aliniambia. "Na huyu je?"

Hapo nikaelewa. Hakuwa mkaidi. Aliogopa aondoke, siku akirudi akute maji matupu, asijue hata pa kusimama aombe.

Tukaita ukoo, tujadili kumhamisha marehemu kwanza. Kaka wa marehemu akawaka: "Mtu si mgomba, waitu, ndugu zangu! Hang'olewi akapandwe kwingine!"

Ma Koku akamjibu: "Sawa, shemeji. Basi wewe ukifa tutakuzika hapo hapo ubavuni mwake, mfundishane kuogelea."

Watu wakacheka, na mwenyewe akacheka. Ubishi ukaishia hapo.

Kibali cha kufukua kaburi kilipotoka tukachimba, asubuhi. Maji yalikuwa yanachuruzika shimoni, hawa wanachimba, hawa wanayachota kwa ndoo. Nikahofu tumechelewa. Kisha yule yule aliyepinga, matope hadi magotini, akasema taratibu:

"Yupo."

Tulimfunga kwa lubugo mpya, lile vazi la gome la mti walilozikiwa wazee wetu, tukampandisha hadi karibu na nyumba, tukamzika upya. Mchungaji akaomba.

Ma Koku alisawazisha udongo wa kaburi kwa kiganja. Halafu akanigeukia:

"Kaka, boti ya kesho ina nafasi?"

Wakuu, somo nililopata ni hili: tulikuwa tunamhimiza mtu aondoke, wala hatukumuuliza anamlinda nani. Ziwa ni la Mungu, mpaka wake hatukuuweka sisi.

Mliozaliwa visiwani, makaburi ya kwenu mmefanyaje? Changieni. Hata anayeona tulikosea, aseme bila kuogopa mvi zangu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe mahali pakavu pa kulaza kichwa, wewe na wapendwa wako, walio hai na waliolala. Amina.