Masale Mbele ya Jengo la Kuazima

Miaka ile bidhaa zilipoanza kumwagika mjini, duka la mzee mmoja kule kijijini Akheri lilikosa wateja, akalifunga. Akaniazima jengo niweke vyerehani vyangu viwili mpaka apate mnunuzi. Mimi, mtoto wa mjini niliyekuwa nikishonea kwenye chumba nilicholala na wanangu, nilifurahi hadi nikajipa cheo cha mbunifu.

Sikupigilia hata msumari mmoja ukutani. Rafu zilikuwa masanduku ya nyanya, mapazia magunia ya kahawa. Kila mteja nilimhubiria: hapa napita tu, nikiambiwa asubuhi niondoke, mchana hukuti hata uzi. Nadhani wengine waliondoka na vitambaa vyao kwa kuchoka kunisikiliza.

Ulibaki uwanja, mkavu na mtupu. Masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani, yalijaa kila shamba, ya bure, hayadai maji. Nikachomeka mstari ulionyooka kutoka kona ya jengo hadi barabarani, nikarudi nyuma kuutazama, mikono kiunoni.

Jioni mzee alipita, hakuitikia shikamoo yangu. Kesho yake akatuma ujumbe nihame.

Jirani aliyeniuzia maziwa alicheka mpaka akatua ndoo. "Dada, huku masale ndiyo mpaka wa shamba. Umejikatia kiwanja cha mzee mchana kweupe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilipomuuliza nitaombaje radhi, alichuma jani kwenye mstari wangu huohuo, akalipiga fundo. "Mwenye kosa hupeleka sale. Mpelekee, hatalikataa."

Nikaenda kupiga magoti na jani mkononi. Niliogopa kwelikweli, nilijiona nimesharudi kushonea kitandani, sindano zikiwachoma wanangu miguu.

"Umelichuma wapi?" mzee akauliza.

"Palepale nilipokosea, baba."

Alijitahidi kununa, ikamshinda. "Kaa, mwanangu. Na hayo mengine yaache, yamenyooka."

Jengo lilipouzwa, kweli niliondoka kabla ya mchana. Masanduku yaliishia jikoni, magunia yakaoza. Juzijuzi nilipita pale, nikamkuta mwenye jengo wa sasa. Akanionyesha mstari wa masale, umekuwa ukuta.

"Huo mpaka, mama, ni wa tangu enzi za mababu. Hapa hakuna wa kuugusa."

Nikamwambia unaonekana wa zamani sana.