Siku Niliyomwamkia Mkwe Wangu

Jamani, nichekeni mkiwa mmekaa, maana jambo hili nimelificha mpaka nimechoka, na nimelificha bure, kwa sababu Bagara nzima, mtaani kwetu Babati, wanalijua na kila mtu analisimulia anavyotaka (wengine wanasema nilipiga magoti, uongo mtupu, sikupiga magoti). Afadhali mlisikie kwangu. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, Baba Neema mnayemjua, sevea niliyepima barabara kabla ya hao wanaonicheka hawajazaliwa, nilimpa shikamoo mkwe wangu. Mume wa binti yangu! Mchana kweupe, mbele za watu.

Sasa sikilizeni ilivyoanza. Shirika letu la umma lilipobinafsishwa, sisi wote wenye mvi tulipunguzwa kazi, tukapewa mkono, tukaambiwa taifa linatushukuru. Nikarudi zangu Babati. Wakati huo mkoa wa Manyara ndiyo kwanza umezaliwa, Babati imekuwa makao makuu, kila ukigeuka unaona msingi wa jengo jipya unachimbwa, nikajiambia hapa sevea hawezi kulala njaa. Nilijidanganya. Kila kampuni iliyofika ilifika na watu wake kutoka nje, kuanzia injinia mpaka yule anayeshika kibendera chekundu cha kusimamisha magari, na ukienda kuomba unaambiwa, mzee, wewe pumzika sasa, umelitumikia taifa. Kupumzika! Mke wangu, Mama Neema, anauza samaki wa kukaanga sokoni, moshi unamwingia machoni toka asubuhi, na mimi niko nyumbani napumzika.

Mwishowe akachoka, na simlaumu. Kaka yake yuko Mbulu, ana shamba la vitunguu swaumu, na huyo shemeji alikuwa amekwisha kutuma salamu kwamba tuhamie kwake nikamsaidie kupalilia. Shemeji yangu hamumjui, mshukuruni Mungu. Ni mtu wa kusimama pembeni ya shamba na fimbo mkononi akikuonyesha jani ulilolisahau. Mama Neema akaniambia, "Baba Neema, kambi ya barabara kule Bonga wanatafuta sevea mmoja mwenyeji, serikali imewabana. Nenda. Ukikosa na hapo, tunafungasha." Basi ndiyo ikawa hivyo, ama kazi ya Bonga, ama vitunguu vya shemeji.

Nikaenda na rafiki yangu Mzee Hamisi, fundi wa maabara ya udongo tuliyepunguzwa naye pamoja. Alisema kama wanatafuta sevea, huenda wanahitaji na mtu wa udongo. Tukakaa kwenye benchi karibu na geti, akaitwa kwanza yeye. Wee! Hata sijakaa vizuri, Hamisi huyo ametoka.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Nimeamkiwa," akasema.

"Umeamkiwa ndiyo nini?"

Ndipo akanieleza, tena kwa hasira. Kumbe bosi wao, mgeni, hataki wazee, ila vyeti vya kuzaliwa havimwingii akilini kwa kuwa alishaambiwa kwamba watu huku hujipunguzia miaka. Sasa kuna mtu akamfundisha (huyo mtu nikimpata!) kwamba Mtanzania anaweza kudanganya kwenye karatasi lakini hawezi kudanganya kwenye salamu, mdogo lazima amwamkie mkubwa. Basi bosi akamchukua ofisa utumishi wake, kijana wa thelathini na kitu anaitwa Deo, akamweka karibu na mlango, na yeye kazi yake ni kutega sikio. Ukiingia wewe ukamwamkia Deo, wewe ni kijana, kaa chini. Deo akikuamkia wewe, bosi hata hakutazami usoni, anasema neno moja tu la Kiswahili analolijua vizuri: "Mwingine!" Na Deo maskini amelelewa vizuri, akiona mtu mzima tu shikamoo inamtoka yenyewe. Alimweleza Hamisi yote hayo kwa kunong'ona wakati anamsindikiza nje, huku akimwomba msamaha.

"Kwa hiyo adabu ya Deo ndiyo inatunyima kazi?"

"Adabu ya Deo," akasema Hamisi, "na mama yake aliyemlea."

Hapo ndipo nilipoamua, na uamuzi wenyewe niliuona mdogo kabisa. Mimi mwili wangu mkavu, sina kitambi, nikitembea haraka ukiniona kwa nyuma unaweza kudhani ni kijana. Na Deo, kwa alivyonieleza Hamisi, ana upara unaong'aa. Nikajiambia, kwani shikamoo ni nini? Ni neno. Nitamuwahi. Nikamwomba mlinzi wa getini kapelo yake nifunike mvi, akanitazama, akacheka, akasema, "Poa dingi, ila usiipoteze." Nikaivaa mpaka kwenye nyusi.

Nilipoitwa niliingia karibu mbio. Deo alikuwa ameshafungua mdomo, amefika "Shi...", nikamkata.

"Shikamoo, kaka!"

Jamani, uso wa Deo! Akanitazama mimi, akamtazama bosi, akanitazama tena. Ile shikamoo yake alikuwa ameimeza nusu. Kijasho chembamba kikamtoka kwenye upara. "Ma... marahaba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Bosi akafurahi, akasimama. "Kijana!" akasema. "Kaa!"

Nikakaa. Akaniuliza maswali, Deo anatafsiri bila kunitazama, halafu tukatoka uani nikapewa ile darubini ya kupimia miinuko niiweke sawa. Hapo sikuwa naigiza. Sikuwa nimekishika chombo kile tangu nipunguzwe, na mikono yangu ikawa inakumbuka kila skrubu, nikasahau kama nimevaa kofia ya watu, nikafurahi kama mjinga. Bosi akachungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniwekea mkono begani, akamwambia Deo aniandike jina. Kazi nimepata! Nikamwona shemeji na fimbo yake wakiyeyuka kule Mbulu.

Ndipo likaingia lori la kokoto.

Dereva wake ni Emanueli, mume wa Neema. Nilijua ana vibarua vya lori lakini sikujua anapeleka Bonga. Na Emanueli ni mkwe wa zamani kabisa, mtu mzima mwenye ndevu lakini akiniona anainamisha macho, na kula mbele yangu hajawahi, hata chai anainywea jikoni kwa mama mkwe wake. Akashuka, akaniona, akashangaa, akaja na mikono yote miwili mbele, ameshaanza kuinama. Bosi yuko hapohapo, mkono wake bado uko begani kwangu, sikio limesimama. Ningefanyaje? Niambieni nyie mnaojua. Nikamuwahi na yeye.

"Shikamoo, kaka!"

Emanueli akageuka nyuma kutazama ni nani anayeamkiwa. Nyuma yake kulikuwa na lori tu.

"Baba..." akaanza. Nikakohoa kwa nguvu. "Baba, nimekosa nini?" akanong'ona, machozi yanamlengalenga, maana kwa akili yake baba mkwe akikuamkia hivyo mbele za watu basi amekukana. Nikamkonyeza. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu tangu amuoe Neema sijawahi kumkonyeza, akadhani jicho langu limeanza kupooza, akajua sasa ni kiharusi, kimenipanda kichwani na maneno yamechanganyika. Akarudi mbio kwenye lori, hata kokoto hajamwaga, akaligeuza kwa vumbi, huyo anakwenda mjini.

"Kwa nini anakimbia?" bosi akauliza.

"Ana haraka," akasema Deo. (Deo naye alikuwa ameshakuwa mwongo kwa ajili yangu.)

Mimi nikabaki nasaidia kubeba vyombo huku naomba Mungu Emanueli apate pancha. Hakupata. Haikufika saa nzima, nikiwa ninakunja miguu ya ile darubini, lori likarudi, na kwenye kiti cha mbele amekaa Mama Neema na kanga yake yenye mafuta ya samaki, na mwiko wa kukaangia bado anao mkononi. Akashuka anapiga kelele, "Yuko wapi? Amelala? Mmemlaza kivulini?" Bahati yangu Mzee Hamisi hakuwa ameondoka, bado alikuwa getini anangoja kusikia nimefikia wapi, nikaona amemvuta pembeni anamsemesha haraka haraka, na Mama Neema mdomo wazi.

Bosi akatoka ofisini kuona kelele ni za nini. Akamtazama mama mtu mzima mwenye mwiko, akanitazama mimi. Deo akainamisha kichwa. Nikajua zamu ya kusema ni yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mke wangu! Mama watoto wangu! Akanipandisha na kunishusha, kapelo mpaka viatu. Nikasema leo mwiko huo utanishukia. Akapumua.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo? Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Haya, ufanye kazi vizuri." Akamgeukia Deo. "Mwambie bosi mtoto huyu ni mchapakazi tangu mdogo. Nimemlea mwenyewe."

Deo akatafsiri huku anabana mbavu. Emanueli alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, ameshika kichwa kwa mikono miwili, anasema peke yake, "Mama naye. Mama naye." Mimi nawaambieni ukweli, katika ndoa yetu yote sijawahi kumpenda yule mwanamke kama dakika ile. Bosi akatabasamu, mambo yakawa yamekwisha, Deo ameshika kalamu.

Sasa kumbe kulikuwa na sevea mkuu. Yaani mimi ningekuwa msaidizi tu, na mkuu wangu alikuwa kijana wa huko kwao bosi, ndevu zenyewe zinatafutana, ameletwa kwa ndege siku hizo hizo. Mtoto wa watu hana ubaya. Alikuwa amejifunza neno moja la Kiswahili na amelipenda, analitoa kwa kila kitu kinachopumua, kwa mpishi, kwa watoto wa barabarani, mlinzi aliniambia baadaye kwamba hata mbuzi aliamkiwa. Akatokea upande wa mahema na kofia yake pana, akaletwa tujuane, akasimama mbele yangu, akainama vizuri kabisa.

"Shikamoo!"

Na mimi, mwili umeshalegea kwa furaha, mdomo wangu haukuniuliza.

"Marahaba, baba! Hujambo, mwanangu? Karibu sana kwetu!" Na mkono nao, bila aibu, ukaenda ukampapasa kichwani juu ya ile kofia.

Mama Neema akajifunika uso kwa kanga. Bosi akanisogelea taratibu, akashika kapelo kwa vidole viwili, akaiinua kama mtu anayefunua sufuria kuona kama wali umeiva. Mvi zangu hizo hapo, zote, jua linaziwakia.

"Za kurithi!" akalia Mama Neema. "Kwao wanazaliwa nazo!"

Haikusaidia. "Mwingine!" akasema bosi, na hakukuwa na mwingine, benchi lilikuwa tupu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamrudishia mlinzi kapelo yake, tukaanza kutoka, mimi mbele, Mama Neema na Hamisi nyuma, nikasikia mtu anakuja mbio. Deo. Moyo ukaruka, nikasema bosi amebadili mawazo. Deo akatazama kwanza nyuma kama kuna anayemwona, halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, baba," akasema. "Nisamehe. Ile marahaba ya asubuhi sikuwa na haki ya kuitoa."

Alikuwa amekuja kwa hilo tu. Iliniuma kuliko kufukuzwa, sitawaficha, kwa sababu yeye hakuwa amenidai kitu, mimi ndiye niliyemtupia heshima yangu apokee kwa nguvu. Nikamwitikia, lakini sauti ilitoka ndogo.

Tukafungasha. Emanueli ndiye aliyetuhamisha na lori mpaka Mbulu, na njia nzima kila nilipofungua mdomo, hata kutaka maji tu, alikuwa anawahi: "Shikamoo, baba!" Shemeji alitupokea vizuri, jembe akaniwekea mlangoni.

Kuomba kazi sijaacha. Nikisikia kampuni imefika Babati nanawa mikono harufu ya vitunguu, nateremka, naingia kichwa wazi. Na kijana wa mlangoni akiniamkia, hata nikiona kabisa bosi wake ametega sikio, naitika.