Pipa Lililosuguliwa kwa Majivu

Gaudiosa alikuwa akiondoa mapipa ya sumu ya mibuni katika kiwanda cha kahawa kilichotelekezwa huko Maguu, akakuta moja limepungua.

"Liko wapi, baba?" akamuuliza mlinzi, Mzee Benno.

"Mama mkwe wako alilichukua wiki iliyopita. Lilikuwa tupu, tena tulilisugua kwa majivu."

Majivu! Kwani sumu ni masizi ya sufuria? Gaudiosa alitupa barakoa akatimua mbio. Leo majirani walikuwa wanamlimia mama mkwe, na kwa Wamatengo mlimaji hushukuriwa kwa pombe. Pombe yenyewe bila shaka ilichachuka ndani ya pipa hilo.

Kutoka bondeni alizisikia nyimbo zao. Maadamu wanaimba, bado wanalima, hawajaanza kunywa.

Alipoufikia mgomba wa mwisho kabla ya shamba la mama mkwe, nyimbo zikakoma.