Saruji Aliyoitamani Rahma

Mudathiri bin Hasheem alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Tukuyu, pale ambapo maji ya mvua hupita kwanza kabla ya kushuka barabarani. Babu yake alitoka Kilwa akifuata biashara ya chumvi, akaoa huku na kuzikwa huku. Mudathiri mwenyewe pwani aliiona mara mbili tu, na Kinyakyusa alikisema kama mzaliwa wa Kisiba. Kwa miaka thelathini na minane aliishi na mke mmoja, Rahma. Mungu hakuwajalia mtoto.

Rahma alikuwa muuza vitumbua, na alikuwa na akili ya kutazama mbali. Yapata miaka ishirini iliyopita alisikia redioni kwamba kampuni moja ya saruji inauza hisa kwa wananchi. Alifunga safari hadi Mbeya, akarudi na fomu ya benki ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Jioni ile alimweleza mumewe kwamba kila nyumba itakayoinuka Tukuyu, wao watakuwa na kijiko chao cha saruji ndani ya ukuta wake. Mudathiri alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alimpenda mkewe na aliona ni maneno matamu tu. Akasema ngozi imeadimika, hawezi kuizika hela kwenye karatasi. "Mwakani, inshallah," alimwambia.

Mwaka uliofuata yeye hakukumbuka, na Rahma hakumkumbusha.

Lakini tangu siku hizo, taarifa ya habari ikiisha na bei za soko la hisa zikianza kusomwa, Rahma aliinua mkono ili asisemeshwe. Kama alikuwa anakoroga chai, kijiko kilisimama. Akisikia saruji imepanda, alitabasamu kama mtu aliyesikia kwamba mtoto wa jirani amefaulu mtihani. Kisha mkono ulishuka na maongezi yakaendelea.

Presha ilimchukua wakati wa masika, miaka mitatu iliyopita, asubuhi moja kabla hajawasha jiko. Majirani walidhani mzee atahangaika kwa chakula, wakawa wanamletea ndizi na maziwa ya mgando kwa zamu. Kumbe chakula alijipikia. Kilichomtesa ni ule mkono. Redio ikifika kwenye zile bei, naye alijikuta ananyamaza, amekaa wima kwenye kiti, anasubiri aruhusiwe kuongea.

Mwezi wa sita, baridi ya Tukuyu ikiwa imekomaa na ukungu hautoki hadi saa tano, alikuja kibandani Atupokile, karani wa kiwanda cha chai, na buti zilizoachia soli. Alikuwa mama wa makamo, mteja wa miaka mingi, na vitumbua vya Rahma alivila tangu akiwa msichana. Alikaa kwenye kigoda kusubiri. Simu yake ikalia, akaisoma, akatabasamu. Mudathiri aliuliza kuna heri gani. Atupokile akasema ni gawio limeingia, sehemu ya faida ya kampuni, kwa vile ana hisa kidogo.

"Za nini?" aliuliza mzee, sindano ikiwa imeishia katikati ya soli.

"Za saruji, baba."

Mudathiri alishona mishono miwili mitatu. Atupokile naye alitazama nje, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuutua. Kisha akasema polepole kwamba marehemu alikuwa akimuuliza. Kila mwaka msimu wa gawio ukifika alikuja na vitumbua vyake kiwandani, akataka kujua aliyenunua mwaka ule wa kwanza angekuwa amepata nini. Alisikiliza, akashukuru, akaenda zake.

"Alisema nini juu yangu?" Mudathiri aliuliza.

"Hakuwahi kukutaja, baba. Hata siku moja."

Afadhali angelaumiwa. Lawama mtu huijibu. Alizimalizia zile buti, akazipaka kiwi, na wakati Atupokile anazivaa akamuuliza kama kwa umri wake mtu bado anaweza kununua, na kama fomu ingali inafuatwa Mbeya. Atupokile akamwambia Mbeya haendi mtu tena. Kinachotakiwa ni kitambulisho cha taifa na simu. Akaunti ya hisa inafunguliwa hapo hapo alipokaa, na hisa zenyewe siku hizi ni za kielektroniki, hazina karatasi.

Alikitoa kitambulisho kwenye kibati cha misumari. Atupokile alivuta kigoda, wakaanza. Jina. Namba ya kitambulisho. Tarehe ya kuzaliwa, ambayo waliinakili kama ilivyoandikwa ingawa mzee hakuwa na hakika nayo. Simu ikataka picha ya uso. Akavua miwani, akaitazama kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Ikamtaka achague dalali, na hapo alisita, kwa kuwa madalali aliowajua yeye ni wale wa nyumba na viwanja. Atupokile alimwelewesha kwamba huyu ni kampuni yenye leseni, kazi yake ni kumnunulia na kumuuzia sokoni, na ujira wake unajulikana.

Halafu ikauliza namba ya simu ya mtu wake wa karibu.

Mudathiri aliitaja bila kufikiri, tarakimu baada ya tarakimu, kama anavyosoma Alhamdu. Atupokile aliandika sita, kidole kikasimama. Namba ile alikuwa nayo kwenye simu yake mwenyewe. Ni mzee aliyesikia ukimya ule, akaelewa ni namba ya nani aliyoitaja. Alivaa miwani, akaivua tena, akaifuta kwa pembe ya shati.

Namba nyingine ya moyoni hakuwa nayo. Aliyebaki ni Mwanaharusi, mdogo wake Rahma, aliyeolewa Kyimo. Na huyo hawakuwa wamesemezana tangu arobaini, siku alipoomba kanga za dada yake na Mudathiri akamjibu kwamba katika nyumba ile hakitoki hata kitambaa. Atupokile alimwambia anaweza kuja kuimalizia siku nyingine. Mzee akakataa. Akapiga simu mbele yake.

Mwanaharusi alipokea, akaitikia salamu kwa sauti ya mbali. Mudathiri alimweleza kwa kukatakata kwamba anafungua akaunti ya hisa, anaomba ruhusa ya kuliandika jina lake kama mtu wake wa karibu.

"Saruji?" Mwanaharusi aliuliza.

"Saruji, shemeji."

"Umechelewa sana." Akavuta pumzi. "Andika jina langu."

Jumamosi ile Mudathiri alifunga kanga zote kwenye shuka, akazipeleka Kyimo. Zote isipokuwa moja, ile aliyokuwa akilalia. Mwanaharusi alizipokea kwa mikono miwili, akampikia chai, wakamzungumzia Rahma hadi adhuhuri ikaadhiniwa. Kwa mara ya kwanza Mudathiri alitamka mbele ya mtu kwamba mkewe aliomba jambo moja tu kubwa maishani, naye akamwambia mwakani. Shemeji yake hakumtuliza. Alimwongezea chai.

Namba ya akaunti ilikuja baada ya siku chache. Shule zilipokaribia kufunguliwa na viatu vya wanafunzi vilipojaa kibandani, akapata cha kununulia. Hela hazikuwa nyingi. Atupokile alimwonyesha pa kubonyeza, na alipotuma agizo akamwambia asubiri.

Ujumbe uliingia Jumatano mchana, mzee akiwa na kiatu cha mwalimu mmoja kwenye magoti. Aliusoma mara tatu. Ulisema agizo lake limekamilika, na ulimwita kwa jina lake kamili. Mudathiri akakiweka kiatu chini, akasimama, akatoka bila hata kumuaga jirani yake Ackson, muuza parachichi. Alipita nyuma ya soko, akapandisha kilima kwa mwendo wa kijana, simu mkononi. Alifungua mlango wa nyumba yake, akavuta pumzi na kufungua kinywa aite.

Jiko lilikuwa baridi. Sufuria iliyopikiwa ugali wa jana ilikuwa pale alipoiloweka.

Alisimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu, na jina limemkaa mdomoni. Lilikaa hapo muda mrefu. Hakulirudisha wala hakulitamka. Nje mvua ya rasharasha ilianza, na akakumbuka kwamba yule mwalimu alisema atapitia kiatu chake saa tisa. Akaurudishia mlango taratibu, akashuka kilima.

Ackson alimuuliza alikokwenda mbio vile.

"Nyumbani," alisema Mudathiri. Akakaa, akaokota kiatu.