Ngitili ya Mama

Miaka ya themanini nilirudi kwa mama, karibu na Segese, baada ya ndoa kunishinda. Baba alikuwa ameshafariki. Shamba lake lilikuwa limelimwa pamba mwaka hadi mwaka mpaka udongo umechoka. Miti imekatwa yote, mvua ikinyesha inachimba makorongo tu.

Mama akaamua kufunga upande mmoja uwe ngitili, malisho yasiyoguswa mpaka kiangazi kikali, kama wazee walivyofanya kabla hatujahamishiwa kwenye vijiji vipya. Tulikata vijiti vya minyaa, miti ya utomvu mkali, tukavichomeka kuzunguka eneo lote. Utomvu uliniingia jichoni, nikashinda nimelala na kitambaa cha maji usoni. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alipita na ng'ombe wake akacheka.

"Shemeji, unalizungushia vumbi ua?"

Kiangazi cha pili majani yalinifika magotini, na migunga ikaanza kuchipua yenyewe. Jumapili moja tulitoka misani tukakuta ua umekatwa kwa panga. Kundi zima la baba mdogo lilikuwa ndani, naye amekaa pembeni anatafuna muwa.

Nikamwuliza nani kamruhusu.

"Hii ardhi ya kaka yangu," akasema. "Wewe umeachika huko, leo unakuja kunihoji mimi?"

Mwenyekiti wa kijiji akatuambia tukayamalize kifamilia. Kifamilia! Mvua za kwanza mama akachomeka minyaa upya, na upande uliobaki, katikati ya mahindi, akapanda choroko kurutubisha udongo.

Ngitili ilirudi. Ng'ombe wa baba mdogo walipoanza kukonda, akaja kuomba vijiti vya minyaa afunge ngitili yake. Mama akampa. Siku hiyo nilisusa kula.

Kisha wakaja maofisa wa kuhimiza upandaji miti. Mkutanoni baba mdogo akasimamishwa mbele, akapewa jembe jipya, akaitwa mkulima wa mfano. Akaeleza alivyobuni ua wa minyaa. Watu wakapiga makofi, mama naye, huko nyuma kwa wanawake.

Nikasimama. "Mwongo! Vijiti ulipewa na mama yangu, na ua wake uliukata wewe!"

Mama akanivuta khanga. "Kaa, mwanangu. Watatucheka."

Sikukaa. Nilisema yote mpaka mgambo akanishika mkono kunitoa.

Jembe alibaki nalo yeye. Msimu uliofuata majirani wawili, wanawake, walikuja kwa mama kuomba minyaa, akawakatia. Mimi hasira haijaniisha, na siionei haya.