Kofia ya Hezron

Esnath alifundisha kemia sekondari moja hapa Tukuyu, na alama za elementi aliwaingiza wanafunzi kichwani kwa kutumia majina yao. Lake lilitoka lote: Es, Na, Th. Baraka akabaki na herufi moja mkononi, Fred akakwama kwenye d, darasa zima linacheka. Meshaki, mumewe, jina lake liligoma tangu mwanzo.

Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilipofika miezi saba, akaja barazani kwangu Ibighi anafuma kofia ya mtoto, maana baridi ya huku haina huruma. Mbele akatia herufi nyekundu: He Zr O N. "Mama Lusungu, linatoka lote kama langu!" Alifurahi, jamani.

Meshaki akaiokota ile kofia mchana nyumbani kwao, ukuta mmoja na kwangu, karudi na gari lake la ndizi. Kwetu mtoto hupewa jina na upande wa baba. Mwanamke akija na jina lake mwenyewe, watu huuliza kalitoa wapi.

"Hezron ndiye nani?"

Esnath akacheka. Kosa lake ni hilo tu, kucheka. Ngumi ya kwanza ikampasua mdomo.

"Ni kemia, Meshaki!"

"Kemia gani ina jina la mwanamume?"

Nilisikia yote kupitia ukutani, nikatoka mbio. Mlango ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani. Uani amesimama baba yake Meshaki, mzee Anyosisye, mikono nyuma, anatazama migomba.

"Baba, vunja mlango, anamuua!"

"Mkwe wangu simtazami," akasema. "Ni mwiko. Humo siingii."

Ni kweli, kwa wazee wa huku baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Nilimtukana tusi ambalo sijawahi kumtukana mtu mzima, nikachukua shoka nikaupasua mlango. Esnath alikuwa sakafuni, amejikunja, amekumbatia tumbo, na Meshaki anampiga mateke kwa mabuti. Nikamshushia kisogo cha shoka gotini. Mfupa ukalia. Sijuti, na angeinuka ningempiga tena.

Polisi walimchukua Meshaki, sisi tukamkimbiza Esnath hospitali. Kesho yake mwalimu Julius, anayefundisha na Esnath, akamwonyesha mzee jedwali la elementi kwenye simu, akimsomea alama moja moja, mpaka akaelewa kwamba hakuna mwanamume yeyote aitwaye Hezron. Mzee akaja moja kwa moja wodini. Mwiko wote akautupa, akavua kofia yake, akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza. Uso wenyewe ulikuwa umevimba, jicho moja halifunguki.

"Ndaga, pole mwanangu, utusamehe," akasema. "Ukoo umekubali. Mtoto aitwe Hezron."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mimi nilishindwa.

"Alitoka amekufa, baba," Esnath akasema, midomo imeshonwa nyuzi. "Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa hapo hapo nje."